Shetani wa Nne

Nianze kwa kukiri kosa, maana wengine mmeshaanza kunisema. Wiki iliyopita nilimwacha Gervase Tolley akijitumbukiza chini ya jukwaa la ukumbi wetu wa michezo, Korongo, huku konstebo akigonga geti, na mimi kwa mkono wangu huu nikaandika kwamba hakuna aliyemwona akiingia.

Kuna aliyemwona. Nilimsahau Tamsin.

Utamsahauje Tamsin Arkell, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mitaa mitatu? Sijui. Nilikuwa na haraka ya kumficha mtu. Safari hii nitahesabu watu wangu vizuri, na nyie mnisaidie kuhesabu, kwa sababu leo hesabu ikikosewa mtu ananyongwa.

"Toka hapo," sauti ilisema gizani. "Toka kabla sijakuchoma na pini."

Gervase alikuwa amejikunja katikati ya nguzo mbili, magoti yamegusa kidevu. Hakutikisika.

"Nakuona, bwana mdogo."

"Dada Tamsin, ni mimi."

"Najua ni wewe. Nani mwingine ananuka wino na woga kwa pamoja?"

Tamsin ndiye mtunza mavazi wa Korongo. Kwa kawaida hana kazi huko chini. Lakini mumewe, Kester, anayevuta komeo la ule mlango wa sakafuni, alikuwa kitandani na homa, na mchezo hausubiri homa ya mtu. Basi leo komeo ni la Tamsin.

"Nitoe hapa," Gervase alisema.

"Nikutoe upite wapi? Geti kubwa kuna walinzi wawili. Mlango wa chumba cha mavazi kuna mmoja, ana rungu na anakula pai yangu ya samaki mkunga. Na konstebo mwenyewe, Bwana Prewett, Lambert, yule nyota wetu, amempa stuli akae jukwaani kama watoto wa matajiri."

"Jukwaani? Wapi jukwaani?"

"Juu ya kichwa chako. Hivyo viatu unavyosikia vinakwaruza, ndiyo yeye."

Gervase alitazama juu. Mbao zilikuwa shibiri tatu tu kutoka kwenye paji la uso wake. Vumbi jembamba likadondoka, likamwingia jichoni, na hakuthubutu hata kulifikicha.

Kwa aliyetufikia leo, mambo yako hivi. Jana asubuhi Rafe Skerrit, yule kachero mwenye kuchechemea mguu wa kushoto, aliokotwa nyuma ya uwanja wa dubu, pale wanapopambanishwa na mbwa, akiwa na jambia kifuani. Jambia lina herufi G na T kwenye kipini, na mtaa wetu mzima wa Southwark unajua ni la Gervase Tolley, mtunzi wa michezo, mtu wa maneno matamu na hasira za karibu.

Kweli, jambia ni lake. Lakini alikuwa amekiazimisha kikundi cha waigizaji, kwa sababu la kikundi lilikuwa butu kiasi kwamba lisingekata hata jibini, na muuaji wa jukwaani akichoma watu wanacheka. Likakaa kwenye sanduku la vifaa. Yeyote anayepita angeweza kulichukua.

Nani wa kumsikiliza? Mtazameni kidole gumba. Kina chapa ya moto.

Miaka mitano nyuma Gervase alipigana na mtu kwa mapanga, njiani, mchana kweupe. Yule ndiye aliyeanza, lakini yule ndiye aliyekufa. Mahakamani Gervase akapewa kitabu cha Zaburi, akasoma mstari wake kwa Kilatini safi, na sheria yetu mnaijua, msomi akisoma hivyo anakikwepa kitanzi. Anapigwa chapa kwenye gumba asije akasahau. Ni mara moja tu. Safari ya pili hata usome Biblia yote kuanzia nyuma kuja mbele, wanakunyonga.

Ndiyo maana siku hizi Gervase havui glavu hata akila.

Tarumbeta la tatu likalia. Juu, uwanja mzima ukatulia, na ile sauti ya kutafuna njugu ikapungua. Mchezo ukaanza.

Na mchezo wenyewe, kama mlikuwa mnajiuliza, ulikuwa ni wake. *Ngazi ya Brancalone.* Mtumishi wa mezani huko Italia anaonja kiti cha bwana wake mara moja, kwa utani, na kuanzia hapo hawezi tena kusimama. Anaua mmoja, anaua wa pili, anapanda, mpaka anakuwa mtawala, na mwisho mashetani watatu wanamtupa motoni.

"Dada," Gervase alinong'ona, na mara akaanza kutoka jasho jipya. "Huu mlango unafunguka tendo la ngapi?"

"Wewe ndiye uliyeandika, unaniuliza mimi?"

Alikuwa ameandika. Tendo la mwisho. Mlango ufunguke ghafla, na chini kuwe na moto wa utomvu, kitu kiwake kabisa, ili watu waione Jehanamu mpaka kwenye sakafu yake. Alilipigania sana lile neno, "waione". Mwenye ukumbi alitaka moshi tu, ni rahisi. Gervase akagoma siku mbili mpaka akapewa moto wake.

Sasa Jehanamu itawashwa, na watu elfu mbili watachungulia ndani, na ndani watamkuta yeye, amekumbatia magoti.

"Usiufungue."

"Nisipoufungua Lambert atapiga mguu mpaka mbao zivunjike, halafu watashuka kuangalia kulikoni."

"Basi usiwashe moto."

"Gervase. Konstebo amekaa pembeni ya mlango, anaweza kukutemea njugu. Moto au bila moto, atakuona."

Gervase akajikunja zaidi. Alikuwa amejenga nyumba isiyo na dirisha, na mwenye nyumba ni yeye.

Tamsin alikuwa anavuta kitu kwenye kona, kinanuka mbuzi wa zamani.

"Vaa hii."

"Nini hiki?"

"Shetani. Wa ule mchezo wa mwaka ule wa tauni, nondo wamemla kidogo mgongoni. Ana pembe, ana kinyago, ana glavu zake nyekundu. Mlango ukifunguka, wewe panda. Ingia kwenye moshi pamoja na wale wengine, ruka ruka. Wakikimbia na wewe kimbia."

Hapo Gervase akaanza kuelewa.

Pale Korongo mashetani hawatokei mlango wa nyuma. Wakishamtupa mtu motoni, wanarukia uwanjani katikati ya watazamaji, wanarusha fataki, wanawashika wanawake kofia, kisha wanatoka mbio kupitia geti kubwa mpaka mtoni, huku wakipiga kelele kwamba kesho kuna mchezo tena. Ni tangazo la bure. Walinzi wa geti wamewazoea mpaka wanawapisha.

"Kaka yangu Jory yuko na mtumbwi kwenye ngazi za mtoni," Tamsin alisema. "Ukifika unaruka ndani. Usimwamkie, hana muda."

"Mashetani ni watatu, dada."

"Kwenye moshi ule? Mimi ninayewashonea mikia sijawahi kuwahesabu."

"Wenyewe watahesabu."

"Wenyewe wanajua nini?"

Na kweli, walikuwa wanajua nini? Kwetu mwigizaji hapewi mchezo. Anapewa kipande: karatasi ndefu nyembamba yenye maneno yake yeye tu, na kabla ya kila maneno, neno moja la mwisho la yule anayemtangulia. Hilo ndilo neno lake la zamu. Akilisikia, anaingia. Anayecheza askari hajui kama malkia atakufa. Anasubiri neno "funguo". Wanafanya hivyo kwa kuogopa vikundi vingine visiibe mchezo.

Mchezo mzima uko mahali pamoja tu, kwenye kitabu cha mzee Zachary Pell, mshika kitabu, ambaye husimama nyuma ya pazia kuwakumbusha wasahaulifu. Mzee Zachary ameunakili kwa mwandiko wake, mwandiko wa kuku aliyelewa, na amefanya makusudi. Ukimwibia hicho kitabu utarudi mwenyewe kumwomba akusomee.

Tendo la kwanza likaisha. Gervase, ndani ya ngozi ya mbuzi, akasikia nyayo za watu wawili zikisimama karibu kabisa na ufa wa ubao, upande wa pazia.

Za mmoja alizijua bila kuangalia. Lambert Croft, nyota wa Korongo, Brancalone mwenyewe. Tangu marehemu Fenn, nyota wa zamani, adondoke kutoka kwenye ngazi ya jukwaani mwaka jana na kuvunjika shingo, nafasi zote kubwa ni za Lambert.

"Mzee Zachary," Lambert alisema, sauti laini kama siagi juani. "Ile hisa ya marehemu Fenn kwenye kikundi bado haina mtu."

"Nimesikia."

"Nimewaambia wenzangu apewe mtu aliyezeekea humu. Mtu anayejua kukaa kimya."

"Maisha yangu yote nimeshika vitabu vya watu," mzee Zachary alisema polepole. "Sijawahi kushika kitu changu."

"Basi sasa utashika. Wewe tulia na mimi tu."

"Umetia chumvi kwenye viatu?" mzee Zachary aliuliza.

"Nimetia. Siku za mashetani sipandi bila chumvi ya kinga."

"Unaamini yale?"

"Wewe huamini?"

Mzee Zachary hakucheka. Nani anayecheka? Southwark yote inajua kwamba ukiyaita majina ya mashetani jukwaani, siku moja atakuja ambaye hajaajiriwa.

Nyayo zikaachana. Gervase akabaki na maneno yale mkononi kama mtu aliyeokota funguo bila kujua ni za mlango gani.

Mchezo ukaenda. Aliusikia kutoka chini kama mtu anayesikiliza mazishi yake mwenyewe kutoka ndani ya jeneza. Lambert alikuwa mzuri siku ile, tusimnyime haki yake. Alipofika pale kwenye "Kila aliye juu yangu ni ngazi, ila mwenyewe hajajua bado," watu wakashusha pumzi kwa pamoja, na viatu vya konstebo vikaacha kukwaruza.

"Anaipenda," Gervase alinong'ona.

"Nani?"

"Konstebo. Anaupenda mchezo wangu."

"Hongera," Tamsin alisema. "Atakunyonga huku analia."

Tendo la nne. Tendo la tano. Tamsin akamwaga utomvu kwenye karai, akawasha utambi, akashika komeo kwa mikono miwili. Gervase akajaribu kusimama kidogo, na mguu wa kushoto ukakataa. Alikuwa ameukalia tangu asubuhi. Ulikuwa umekufa ganzi toka nyonga mpaka unyayo, kama mguu wa mtu mwingine.

"Dada, subiri, mguu."

Juu, mguu wa Lambert ukapiga sakafu mara tatu.

"Hakuna kusubiri," Tamsin alisema, akavuta.

Mwanga ukaingia kama maji. Moshi ukapanda, fataki zikalia, mashetani watatu wakarukia jukwaani kutoka kushoto na kulia wakinguruma. Tamsin akampiga Gervase teke la matakoni lenye upendo wa dada, na yule akatokeza.

Shetani wa nne akapanda kutoka kuzimu, polepole, anachechemea mguu wa kushoto.

Shetani wa kwanza akamwona. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. Akahesabu kwa kidole, mmoja, wawili, na yeye mwenyewe watatu. Kidole kikabaki hewani.

"Wilkin," alimwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa. "Yule ni nani?"

Wilkin akageuka. Akapiga magoti palepale, pembe na mkia na vyote, akaanza Baba Yetu Uliye Mbinguni. Wale wawili hawakungoja amina. Walirukia uwanjani wakatimua mbio kupitia katikati ya watu, na watu wakawapisha kwa shangwe kama kawaida, geti likafunguka, na walinzi wakajibanza ukutani wakicheka.

Lambert Croft alikuwa amesimama katikati ya jukwaa na taji kichwani. Maneno yake yaliyobaki yalikuwa mawili: "Sasa nichukueni."

Hakuyasema. Alikuwa anautazama ule mguu.

Mguu wa kushoto. Unakuja, unaburuzika, unakuja.

"Wewe," Lambert alisema. Uso ulikuwa umemshuka kama nta. "Nilikuona umelala. Nilikuona mwenyewe hupumui."

Gervase akasimama. Hayo hakuyaandika.

"Usinishike," Lambert alisema, akirudi nyuma, akikanyaga joho lake mwenyewe. "Nilikuchoma mara moja tu. Ningefanyaje? Uliniona usiku ule nikiikata ile ngazi, ukakaa na siri yangu mdomoni kama peremende, unaninyonya pesa kila Jumamosi. Ungeniacha niishi? Kisu hata si changu, nilikitoa sandukuni. Nilikuacha pale nyuma ya uwanja wa dubu, umelala vizuri, nikakufunika na kofia yako. Si nilikufunika? Rudi. Nakuomba, rudi ulale."

Akaanguka magotini, taji likabingirika mpaka kwenye buti za konstebo.

Halafu Korongo likalipuka kwa makofi.

Walisimama ghorofa zote. Wanawake walikuwa wanalia. Muuza bia alikuwa ameacha jagi linamwagika. Hakuna aliyejiuliza uwanja wa dubu umefikaje Italia, maana kwenye michezo yetu Italia ina kila kitu kilichopo Southwark. Na Bwana Prewett, konstebo, aliyekuja kumkamata mtu, alikuwa amesimama juu ya stuli yake anapiga makofi huku kiko kimemzimikia mdomoni.

Sasa mtazameni Lambert, hapo ndipo mtajua kwa nini alikuwa nyota. Makofi yakamwingia sikioni. Akainua kichwa. Akawaona watu, akamwona konstebo analia, akaelewa kwamba amekiri mauaji mbele ya watu elfu mbili na hakuna hata mmoja aliyemsikia. Rangi ikarudi usoni taratibu. Akanyanyuka, akaweka mkono kifuani, akainama.

Hata akatabasamu.

"Kimbia," Tamsin alifoka kutoka shimoni. "Mguu umeamka au haujaamka, kimbia, geti liko wazi."

Lilikuwa wazi. Gervase aliliona kupitia matundu ya kinyago: geti, na nje ya geti mchana, na mwisho wa mchana ule mto. Walinzi wanangoja shetani aliyechelewa apite wamcheke. Hatua chache na yuko kwa Jory, na kesho kutwa yuko Ufaransa anakula vitunguu vya watu, hai.

Hai, lakini muuaji. Milele. Na Lambert juu, kwenye ngazi aliyoikata mwenyewe.

Angekimbia, nadhani. Mimi ningekimbia. Alishainua mguu. Lakini hapo Bwana Prewett akamgeukia jirani yake wa stuli, akafuta macho, akasema:

"Huyu Tolley ni muuaji na nitamnyonga. Lakini nakiri, ameandika vizuri. Hasa hapa mwisho, pa uwanja wa dubu. Hapa ndipo alipojipita."

Ndugu zangu, mtu anaweza kuvumilia kuitwa muuaji. Kusifiwa kwa maneno ya Lambert Croft, hapana.

Gervase akavua kinyago.

"Sikuandika hivyo," alisema.

Uwanja ukasema aaah, ukadhani bado ni mchezo. Konstebo akashuka kwenye stuli. Alikuwa mnene lakini ana mkono mwepesi. Alimshika Gervase kifundo cha mkono, akaivuta ile glavu nyekundu, na chapa ikaonekana, nyeupe kwenye gumba.

"Gervase Tolley."

"Ndiyo mimi, bwana. Nikamate, sikatai. Lakini umesikia mtu akikiri sasa hivi. Ngazi, ni ya marehemu Fenn. Aliyelala nyuma ya uwanja wa dubu ni Rafe Skerrit. Kisu cha sandukuni ni changu. Maneno yale hayamo kwenye mchezo."

"Masikini," Lambert alisema, akiwatazama watu. "Kitanzi kimemtia wazimu. Mtunzi gani anamkana mtoto wake mbele ya umati?"

"Mtunzi ambaye mtoto ni wa jirani."

Watu wakacheka. Hata konstebo alitaka kucheka, akajizuia.

"Wewe lazima useme hivyo," alimwambia Gervase. "Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo. Nani mwingine anajua?" Akamgeukia Wilkin, aliyekuwa bado amepiga magoti. "Wewe shetani. Maneno yale yamo au hayamo?"

"Sijui, mheshimiwa. Mimi najua yangu tu. Neno langu la zamu ni 'nichukueni'. Akilisema, nabweka mara mbili."

"Amelisema?"

"Hajalisema, mheshimiwa. Ndiyo maana sijabweka."

"Wewe askofu?"

"Mimi nilikufa tendo la pili," askofu alisema kutoka mlangoni, mdomo una mkate. "Nilikuwa nakula."

Konstebo akafikicha shingo. Alianza kuonekana kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kukuta kila mlango unafungukia kabati.

"Yaani humu ndani hakuna hata mmoja anayeujua mchezo wote?"

Macho yote yakaenda sehemu moja. Pazia likatikisika, na mzee Zachary Pell akatoka, amekumbatia kitabu kifuani kama mtu aliyebeba mtoto kwenye mvua.

Bwana Prewett akakichukua. Akafungua ukurasa wa mwisho, akausogeza mbali, akausogeza karibu, akakigeuza kitabu juu chini.

"Hii ni lugha gani?"

"Yetu, bwana," mzee Zachary alisema. "Ni mwandiko wangu tu."

"Nani mwingine anaweza kuusoma?"

"Hakuna, bwana. Ndiyo kazi yake."

Konstebo akamrudishia.

"Basi soma wewe. Pale mlango unapofunguka. Kama yale ya uwanja wa dubu yamo, namchukua huyu. Kama hayamo..." Hakumalizia, ila alimtazama Lambert kwa mara ya kwanza bila machozi.

Lambert hakusogea. Aliinama tu, akaliokota taji lake, akalipangusa vumbi kwa mkono wa joho. Kisha akasema, kwa upole, kama mtu anayemkaribisha mwenzake mezani:

"Tulia, mzee wangu. Huna haraka. Sasa wewe ni mwenye hisa."

Mzee Zachary akalamba kidole. Akafunua karatasi moja. Akaufikia ule ukurasa, nilimwona ameufikia, maana kidole kilisimama. Midomo ikafunguka. Akamtazama Lambert, akalitazama jengo lile lote alilozeekea, na midomo ikajifunga.

Gervase alimwona akiifunga. Mkono wake mmoja ulikuwa kwa konstebo, gumba juu, na ule wa pili akaunyoosha kwa mzee, bado una glavu nyekundu ya shetani. Zamani walimpa kitabu akasoma mwenyewe, akajiokoa. Safari hii kitabu kilikuwa mikononi mwa mtu mwingine.

"Mzee Zachary," alisema. "Ni maneno mawili tu. Nisomee."

Korongo lote likanyamaza, kila mtu akidhani ni zamu ya mwenzake kusema.